Muulize Fundi Mtandao: nani anakula laini, na poti ipi inasema ukweli

Safari hii maswali mengi yamegonga sehemu moja, watu wanataka kuchungulia kinachopita kwenye poti za swichi. Yaliyofanana nimeyaunganisha kwa iyo ukiona swali lako limevaa jina la mwingine usininunie.

SWALI: Fundi shikamoo. Ofisini tuna swichi ya poti 24 na intaneti inakufa kila siku mchana. Nikaweka Wireshark kwenye laptopu, nikachomeka kwenye poti iliyokuwa wazi nikaanza kunasa pakiti. Nimekaa saa nzima naona vitu vyangu mwenyewe na makelele ya ARP tu (zile kompyuta zinazoulizana nani ana anwani ipi), ya wenzangu hakuna hata moja. Swichi mbovu au mimi ndo sijaijua hii programu? (Mchunguzi Mpya)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Swichi yako nzima kabisa, tena inafanya kazi yake vizuri ndo maana huoni kitu.

Zamani tulikuwa na habu, ile ukiiambia neno inawatangazia wote waliochomekwa, ukikaa poti yoyote unasikia ya kila mtu. Swichi ina adabu zaidi. Fremu, yani kifurushi cha data kwenye waya, ikiingia inasoma anwani ya MAC ya aliyetuma (namba ya kadi yake ya mtandao), inaandika kwenye jedwali lake kwamba huyu anakaa poti 7, halafu fremu yoyote inayomtafuta huyo inapelekwa poti 7 peke yake. Kwa iyo poti yako inaletewa vyako, na matangazo yanayoenda kwa wote kama hiyo ARP unayoiona, na mara moja moja fremu ya mtu ambaye swichi haijamjua au imeshamsahau, maana anayekaa kimya jina lake linafutwa, kwenye swichi nyingi za Cisco ni baada ya sekunde 300. Sasa ungeona fremu za wenzako zinamwagika nyingi kwenye poti yako bila kusetia chochote, hapo ndo ungeniandikia ukiwa na wasiwasi.

Ukitaka nakala ya poti ya mtu inabidi uiagize swichi ikupe. Cisco wanaiita SPAN, kwenye menyu za wengine utakuta neno mirror, kazi ni ileile. Kwenye Cisco ni mistari miwili (Gi1/0/7 ni poti unayoichungulia, Gi1/0/24 ni ya laptopu yako):

monitor session 1 source interface Gi1/0/7 both
monitor session 1 destination interface Gi1/0/24

Halafu show monitor session 1 uhakikishe imeshika. Na usishtuke laptopu yako kwenye poti 24 ikikosa intaneti palepale, poti ikishafanywa ya kupokelea nakala haifanyi kazi ya kawaida tena, inakumwagia tu na unachotuma wewe haikipokei mpaka uiruhusu kwa amri nyingine. Watu wengi wanadhani wameharibu kitu wanachomoa, wanaanza upya, wanachomoa tena.

Ila ngoja kwanza. We shida yako siyo kujua wenzio wanatuma nini, shida yako ni nani anakula laini, na hilo halihitaji Wireshark hata kidogo. Kila poti ya swichi inayosetika ina kaunta inayohesabu baiti zilizoingia na zilizotoka, iko pale tangu swichi ilipowashwa na hakuna anayeisoma. Mchana kabla shida haijaanza ingia ndani ya swichi uandike clear counters, rudi baada ya nusu saa, andika show interfaces, pitia poti moja moja na karatasi mkononi. Utaikuta poti moja au mbili ziko mbali na nyingine zote. Kama kuna programu ya grafu inayosoma swichi hiyohiyo usiogope kuiharibia, kwenye Cisco amri hiyo inafuta namba unazoziona wewe tu, zile za SNMP, lugha ambayo programu inatumia kuisoma swichi kwa mbali, zinaendelea kuhesabu.

Ukishaipata poti muulize swichi nani yuko pale: show mac address-table interface Gi1/0/7. Ikitoka anwani moja, umempata. Zikitoka kumi na tano usiende kumfokea mtu, nyuma ya hiyo poti kuna swichi nyingine au kuna kifaa cha WiFi, inabidi ufuate waya.

SWALI: Mimi nimeshasoma hizo kaunta fundi, nimemkuta jamaa mmoja poti yake inatoa sana lakini inaingiza kidogo. Nikamfuata nikamwambia anapakia mafaili makubwa nje, kakataa katakata tumekaribia kugombana. Nani mkweli? (Mama Seva)

JIBU: Yeye, dada yangu. Kaombe radhi.

Kuingia na kutoka kwenye poti kunahesabiwa kwa macho ya swichi, siyo ya mtu. Kinachotoka kwenye poti ndicho kinachomwendea yeye, yani anapakua. Poti inayopanda kwenda kwa rauta ndo inageuka, pale kinachoingia ndo mnachopakua ofisi nzima. Hili limewapiga mafundi wengi wenye vyeti, na hata grafu zenyewe watu wanazibandika rangi na majina kinyume wanaishi nazo miaka. Kabla hujamfuata mtu jaribu na poti yako mwenyewe, pakua faili moja kubwa uone ni namba ipi inakimbia.

SWALI: Nina MRTG, programu ya kuchora grafu, inasoma poti kila dakika 5. Poti inayoenda kwenye seva ya chelezo ni ya gigabiti moja, usiku chelezo ikikimbia nategemea kuona karibu megabiti 900 lakini grafu inagota kwenye 114 hivi haipandi tena, na siku nyingine chelezo ikiwa nzito zaidi ndo grafu inashuka. Nimebadilisha waya, nimebadilisha hata kadi ya mtandao. (Grafu Bapa)

JIBU: Rudisha kadi yako, haina kosa. Hiyo 114 ni saini ya ugonjwa mmoja tu na nikiiona nacheka peke yangu.

Kaunta unayosoma ni ya zamani, ifInOctets na ifOutOctets, ina biti 32. Maana yake inahesabu mpaka baiti 4,294,967,295 halafu inarudi sifuri, kama mita ya kilomita ya gari la zamani ikifika mwisho. Enzi za megabiti 10 ilichukua karibu saa nzima kujaa, hakuna aliyejali. Kwa gigabiti moja laini ikijaa inapita baiti milioni 125 kwa sekunde, gawanya mwenyewe, kaunta inazunguka kila sekunde 34. We unakuja kuisoma baada ya sekunde 300, imeshazunguka mara nane na ushee. Programu ikikuta namba mpya ni ndogo kuliko ya mwanzo inajua imezunguka mara moja inajazia, zile mara saba nyingine haina njia ya kuzijua. Kwa iyo hata kazi iwe kubwa vipi kikubwa inachoweza kukuchorea ni mzunguko mmoja kwa dakika 5, na mzunguko mmoja kwa sekunde 300 ni megabiti 114 na nusu. Na ndo maana mzigo ukiongezeka grafu inaweza kushuka, umesoma mabaki tu.

Dawa ni kusoma kaunta za biti 64, ifHCInOctets na ifHCOutOctets. Hizo haziji kwa SNMP toleo la 1, lazima uende 2c au 3, na kama swichi yako inaweza 3 nenda 3 moja kwa moja maana 2c inapitisha neno la siri kwenye waya likiwa uchi. Nenda kwenye faili la MRTG uangalie toleo uliloandika, nakuhakikishia utakuta 1 au utakuta hujaandika kitu.

Ukiwa humohumo angalia na hili, swichi nyingine zikizimwa na kuwashwa zinabadilisha namba za ndani za poti, jana namba 10 ilikuwa seva leo ni printa na grafu inaendelea kuchora kama hakuna kilichotokea. Kwenye Cisco andika snmp-server ifindex persist (matoleo mapya ni snmp ifmib ifindex persist) ulale.

SWALI: Nimemira poti ya seva ya hifadhidata kama wanavyofundisha, ila Wireshark imejaa mistari myeusi inasema kuna vipande havikuonekana. Nimewapelekea watu wa seva wananiambia seva haina shida, wanasema mtandao wangu unadondosha pakiti. Bosi anataka jibu. (Kijana wa Zamu ya Usiku)

JIBU: Hapa kaa na mimi kidogo maana kuna vitu viwili vimechanganyika, pakiti iliyopotea kweli na pakiti ambayo we hukuiona.

Poti ya seva ni gigabiti moja kwenda na gigabiti moja kurudi kwa wakati mmoja, jumla mbili. Poti yako ya nakala inatoa gigabiti moja tu kukuletea wewe. Siku seva ikichangamka pande zote mbili unajaribu kumwaga ndoo mbili kwenye ndoo moja, swichi inatupa kinachozidi na haikuambii. Ambacho lazima ukumbuke, ilichotupa ni nakala, pakiti yenyewe imefika ilikokuwa inaenda salama salimini. Halafu hata kile kilichofika kwako laptopu inaweza kukitema, gigabiti moja ikijaa ni megabaiti 125 kila sekunde zinazotaka kuandikwa kwenye diski, dakika moja ni gigabaiti saba na nusu, na kompyuta yenyewe ina antivairasi na madirisha ishirini yamefunguliwa.

Utatofautishaje? Chukua mstari mmoja wenye lawama usichukue elfu. Tuseme Wireshark inakwambia kipande kinachoanzia baiti 14601 hakipo. Shuka chini utafute upande wa pili umejibu nini. Ukikuta anathibitisha kupokea mpaka 16061, yani amekubali na hicho kipande ambacho we huna, basi kilifika, mtandao hauna kosa, aliyepoteza ni kamera yako. Wireshark yenyewe mara nyingi itakuandikia pale kwamba kimethibitishwa kipande kisichoonekana. Ila ukikuta mpokeaji anarudia kuomba 14601, 14601, 14601 na baada ya muda mtumaji anakituma tena, hapo kimepotea kweli na watu wa seva wana haki ya kukununia.

Kupunguza hilo, kwanza mira upande mmoja tu kama swali lako ni la upande mmoja, badala ya both weka rx au tx. Pili usinase pakiti nzima, kwa matatizo ya TCP (utaratibu huo wa kutuma vipande na kuthibitishiwa) vichwa vinatosha, tcpdump -s 96 unakata kila pakiti kwenye baiti 96 na diski inapumua. Tatu usinasie kwenye dirisha linalochora mistari hapohapo, nasa kwa tcpdump au dumpcap kwenye faili halafu ufungue baadaye.

Na kama ni kesi ya kubishana mpaka kwa bosi, omba TAP. Ni kijiboksi kinachokaa katikati ya waya chenyewe, kwenye faiba kinagawa mwanga tu, kila upande unatoka kwenye waya wake hivyo hakuna cha ndoo mbili kwenye moja. Kingine ambacho SPAN haitakupa, fremu zilizoharibika. Swichi ikipokea fremu mbovu inaitupa mlangoni, haiinakili, kwa iyo ukiwinda waya mbovu kwa SPAN utaona kila kitu kisafi wakati kaunta ya CRC, inayohesabu fremu mbovu, kwenye poti ileile inapanda.

Na mkiwa mnaandika hiyo amri ya destination jamani soma namba ya poti mara mbili. Mimi nikiwa na umri wako nilikuwa nyumbani usiku, nimeingia kwenye swichi kwa mbali, nikaandika poti 48 badala ya 46. 48 ndo ilikuwa inapanda kwenda kwenye mtandao mwingine wote. Nikabonyeza enta na skrini ikaganda hapohapo, nikajua, hata sikuhitaji kujaribu tena. Jengo zima lilikuwa kimya mpaka nilipofika na kebo ya konsoli mkononi. Bahati sikuwa nimehifadhi ile seti ila nilikuwa nimeshafika ndo nikakumbuka kwamba kumpigia mlinzi achomoe umeme na kurudisha kungetosha.

SWALI: Grafu yangu inaonyesha poti inatumika asilimia 8 tu, watumiaji wanalalamika simu za ofisini zinakatakata sauti. Nawaambia laini iko tupu hawanielewi. (Asilimia Nane)

JIBU: Wana haki wasikuelewe, we unawaambia habari za wastani wao wanasikia habari za sekunde.

Piga hesabu, poti ya gigabiti moja ikijaa pomoni kwa sekunde 3 halafu ikakaa kimya dakika 5 nzima zilizobaki, grafu itakuonyesha asilimia 1. Sekunde 3 hizo ni simu imekatika na mtu amesharudia alo alo mara nne. Na mara nyingi hata siyo sekunde 3, ni vipande vya elfu ya sekunde, seva tatu zinajibu kwa mpigo kwenda poti moja, bafa ya poti (pakiti zinapongojea zamu) inajaa, swichi inatupa.

Acha grafu, tafuta namba ya pakiti zilizotupwa wakati wa kutoka, kwenye show interfaces utaiona imeandikwa Total output drops. Isome, subiri mtu alalamike, isome tena. Ikiwa imepanda na huku matumizi ni asilimia 8, umepata. Wastani wa dakika 5 unaweza kuushusha uwe wa sekunde 30 kwa load-interval 30, inasaidia kidogo haimalizi. Dawa yenyewe ni kuipa sauti foleni yake ya mbele, hiyo tutaiongea siku nyingine maana ni mada ya kurasa.

Ah, na kabla ya yote hayo angalia kama upande mmoja uko fuli dupleksi (anatuma na kupokea kwa wakati mmoja) na mwingine hafu (kwa zamu). Kuna mtu alilazimisha kasi kwa mkono upande mmoja akaacha oto upande wa pili, hilo halijawahi kuisha duniani. Ulio hafu utaonyesha migongano ya kuchelewa, ulio fuli utaonyesha CRC.

SWALI: Nina swichi zaidi ya 40, siwezi kumira kila poti na kaunta haziniambii nani anaongea na nani. Katikati ya hapo hakuna kitu? (Swichi Arobaini)

JIBU: Kipo na ndo ninachokipenda kuliko vyote. Angalia kama swichi zako zina sFlow, nyingi za kati zinayo. Swichi inachukua pakiti moja kati ya nyingi, tuseme moja kila elfu, inakata kichwa chake na kukituma kwa UDP poti 6343 (hii ni namba ya mlango wa programu, siyo tundu la swichi) kwenye kompyuta yako inayokusanya. Kompyuta inazidisha inakupa orodha, anwani hii na hii ndo wanakula, kwa huduma hii. NetFlow ya Cisco na IPFIX ni ndugu zake, ila zenyewe kwa asili zinafuatilia mazungumzo na kuyahesabu badala ya kuokota sampuli.

Kwa mlaji mkubwa sampuli haidanganyi, anatokea tu. Usiiulize kitu kidogo. Kama unatafuta pakiti moja ilikwenda wapi saa nane na dakika kumi usiku sFlow itakuangalia tu machoni.

SWALI: Swichi yangu bubu, haina menyu wala anwani ya kuingilia. Rafiki kaniambia nitumie programu ya kudanganya ARP ili trafiki ya wote ipite kwangu. Nifanye? (Asiye na Menyu)

JIBU: Hapana. Programu hiyo inazidanganya kompyuta za wenzio kwamba we ndo rauta, kila kitu kinapita kwenye laptopu yako, laptopu ikilala au ikizidiwa wote wanakatika. Zaidi ya hapo ni njia ileile ya wezi, na bila ruhusa ya maandishi ya mwenye mtandao hata nia yako ikiwa safi namna gani utaonekana hivyohivyo. Sehemu nyingi ni kosa la jinai.

Kama shida ni intaneti soma kwenye rauta, kila kitu kinapita pale hata hivyo. Kama ni kompyuta moja tu, chukua mashine ya Linux yenye kadi mbili za mtandao uziunganishe kama daraja, iweke katikati ya ile kompyuta na swichi, unase hapo. Habu ya zamani nayo inafanya ukiipata ila itakushusha mpaka megabiti 100 au 10 na hafu dupleksi, utaleta ugonjwa mpya ukitafuta wa zamani. Au badilisha swichi, hata ndogo ya poti 8 yenye menyu mara nyingi inaweza kumira.

Na usitegemee kusoma watu wanaandika nini, trafiki nyingi siku hizi imefungwa kwa siri kwa TLS, utabaki na anwani, ukubwa, muda na mara nyingi jina la tovuti.

SWALI: Nimemira poti ya tranki (inayobeba mitandao kadhaa, yani VLAN, kwenye waya mmoja), pakiti zote zinakuja bila lebo za VLAN. (Bila Lebo)

JIBU: Vitu viwili. Kwenye Cisco ongeza encapsulation replicate mwisho wa ule mstari wa destination. Zisipotokea bado ni kadi ya laptopu, draiva nyingi za Windows zinavua lebo kabla Wireshark haijaiona, jaribu na Linux.